Josho la Zamani, Udongo na Maji ya Kisima

Ndugu msomaji, je, kijijini kwenu kuna josho la ng'ombe la zamani? Sisemi lile linalotumika sasa. Nasema lile lililofunikwa na nyasi, saruji yake imepasuka, na watoto huingia humo kucheza kujificha. Kama lipo, makala haya yanakuhusu. Kama halipo, soma pia. Sumu nitakayoieleza hupatikana vilevile katika mawe ya dhahabu, na katika maji ya nchi nyingine ambako halikujengwa josho hata moja.

Sumu hiyo inaitwa aseniki. Ikiwa ndani ya maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji yenye aseniki yanaweza kuwa meupe, ya baridi na matamu kuliko ya kisima kingine chochote. Ukiyachemsha, aseniki haifi, kwa sababu si kijidudu. Maji yakipungua kwa kuchemka, sumu hubaki ile ile katika maji machache zaidi. Dawa ya kutibu maji tunayoigawa zahanati haiwezi kuiondoa. Hapa ndipo kazi yetu sisi wa zahanati inapokuwa ngumu, maana kila siku tunawaambia watu wachemshe maji. Endeleeni kuchemsha, kwa sababu ya kuhara na kipindupindu. Lakini aseniki ni jambo jingine.

ILIFIKAJE JOSHONI?

Kila mfugaji anajua kupe na ndigana kali. Mwanzoni mwa karne ya 20, wafugaji wa Afrika Kusini walianza kuwaogesha ng'ombe katika maji yaliyochanganywa na aseniki. Kupe walikufa. Njia hiyo ikaenea, ikafika Kenya na Tanganyika. Majosho yakajengwa, na ng'ombe wengi wakaokoka. Kwa hiyo tusiwacheke waliotutangulia. Walikuwa na tatizo kubwa, na dawa iliyokuwapo ilikuwa hiyo.

Miaka ikapita, kupe wakaizoea dawa. Katika miaka ya 1950 aseniki ilianza kuachwa, na mahali pake pakachukuliwa na dawa nyingine iliyoitwa toksafini. (Hiyo nayo ilikuja kuonekana kuwa sumu mbaya. Imekatazwa katika Mkataba wa Stockholm uliotiwa saini mwaka 2001. Dawa zinazotumika majoshoni leo ni nyingine.)

Mzee mmoja alinieleza jinsi ilivyokuwa alipokuwa mtoto wa kuchunga, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ng'ombe walinyweshwa kwanza mtoni mpaka washibe. Ndipo waliletwa joshoni, ili wasiwe na kiu ya kunywa maji ya dawa. Wakitoka walisimama katika kizizi cha kuchuruzikia mpaka wakauke. Tope lililojaa chini ya josho lilizolewa kwa ndoo na kumwagwa pembeni. "Pale pembeni hapakuota kitu," alisema mzee. "Sisi tulidhani ni kwato za ng'ombe."

Tazama basi mahali pale mara tatu: kwenye kizizi cha kuchuruzikia, kwenye rundo la tope la zamani, na upande ambao maji ya josho yalitokea. Huko ndiko aseniki ilikomwagika mwaka hadi mwaka. Na aseniki haiozi. Gunia huoza, mfupa huoza, dawa nyingi za wadudu huvunjika polepole. Aseniki ni kama chuma au dhahabu, haivunjiki kuwa kitu kingine. Inaweza kuhama tu. Katika jimbo la New South Wales, nchini Australia, serikali imehesabu majosho ya zamani zaidi ya 1,600, na mengi kati yake bado yana aseniki udongoni, ingawa nayo yaliiacha dawa hiyo katika miaka ya 1950.

Sasa swali lenyewe ni hili. Kama haiozi, iko wapi? Imebaki palepale, au imeshuka hadi kwenye maji ya kisima? Jibu linategemea udongo.

UDONGO UNAOSHIKA NA UDONGO UNAOACHIA

Chukua jembe kuukuu lililolala nje mvua nzima. Lina kutu. Udongo mwekundu wa mashamba yetu una kutu ya namna hiyo hiyo, ndiyo inayoupa wekundu. Kila chembe ya udongo huo imevikwa ngozi nyembamba ya kutu.

Aseniki hupenda kung'ang'ania kutu. Hung'ang'ania kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Maji ya mvua yakipita, aseniki haitoki kwa urahisi. Kwa hiyo udongo mwekundu wenye kutu nyingi huishika sumu karibu na pale ilipomwagika.

Jambo la pili ni ukubwa wa chembe. Pima kilo moja ya mahindi na kilo moja ya unga. Uzito ni mmoja, lakini unga una chembe nyingi sana, na ukizihesabu pande zote za chembe hizo, ni nyingi kuliko za mahindi. Kupe mia wanahitaji masikio mengi ya kukaa! Udongo wa mfinyanzi ni kama unga. Una chembe ndogo mno, na kila chembe ina mahali pa kushikia. Mchanga ni kama mahindi. Una chembe kubwa na chache, tena mara nyingi hazina ngozi ya kutu. Maji hupita mchangani haraka na kuichukua aseniki kwenda nayo chini.

Kwa hiyo josho la zamani lililojengwa juu ya mchanga linatisha zaidi kwa wenye kisima. Josho lililojengwa juu ya mfinyanzi mwekundu linatisha kwa namna nyingine, nitaieleza mbele.

Yapo mambo yanayoufanya hata udongo mzuri uachie. La kwanza, nalo ndilo kubwa, ni maji yanayotuama.

Umewahi kuchimba katika mbuga au katika jaruba la mpunga? Juu udongo ni wa kahawia. Chini unakuwa wa kijivu, pengine wa samawati, na unanuka. Kutu imekwenda wapi? Udongo ukijaa maji, hewa haiingii. Vijidudu vya udongoni hula majani na samadi, wanamaliza hewa iliyobaki, kisha wanaitumia kutu mahali pa hewa. Kutu inayeyuka majini. Mara nyingine utaiona ikitokeza tena mahali chemchemi inapotoka, imetanda juu ya maji kama mafuta, na chini yake tope la rangi ya chungwa.

Kutu ikiyeyuka, aseniki iliyokuwa imeishika nayo inabaki haina mahali pa kukaa. Inaingia majini. Zaidi ya hayo, pasipo hewa aseniki hugeuka sura, ikawa ile inayotembea kwa urahisi zaidi na yenye sumu kali zaidi. Na ukiongeza samadi nyingi mahali penye maji yaliyotuama, umewapa wale vijidudu chakula. Kazi yao inaenda mbio.

La pili ni mbolea yenye fosfati. Fosfati na aseniki zinafanana sana, kama mapacha ambao mama yao tu ndiye awezaye kuwatofautisha. Kutu haiwatofautishi. Ukimwaga fosfati nyingi juu ya udongo wenye aseniki, fosfati inakaa kwenye nafasi na aseniki inasukumwa nje. Usinielewe vibaya. Sisemi uache mbolea shambani kwako. Nasema usilime na kutia mbolea pale joshoni ukidhani unaurudishia udongo afya.

La tatu ni magadi. Udongo wenye magadi magadi, ule unaoacha unga mweupe juu wakati wa kiangazi, hauishiki aseniki vizuri kama udongo mwekundu wenye uchachu kidogo. Majivu na chokaa vikitiwa kwa wingi huusogeza udongo upande huo huo. Nimesikia watu wakishauri kwamba josho la zamani limwagiwe majivu ili "kuua dawa". Tuache.

WALIOPATA TABU BANGLADESH

Labda unasema mtaalamu anatutisha. Basi sikiliza habari za Bangladesh. Huko hakukuwa na kosa la josho. Mito mikubwa, Ganges na Brahmaputra, ilileta mchanga na tope kutoka milima ya Himalaya kwa maelfu ya miaka. Mchanga huo ulikuwa umevikwa kutu, na kutu ilikuwa imeshika aseniki kidogo, ya asili. Tope likafukia majani na mizizi. Maji yakajaa. Hewa ikaisha. Kutu ikayeyuka, kama nilivyoeleza habari ya jaruba.

Watu wa huko walikuwa wakinywa maji ya madimbwi, na watoto wengi walikufa kwa kuhara. Kuanzia miaka ya 1970 wakachimbiwa visima vya pampu, vingi sana. Nia ilikuwa njema, na visima viliwaepusha watu na maji machafu ya madimbwi. Lakini mwaka 1993 ikagunduliwa kwamba baadhi ya visima vina aseniki. Mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani liliandika kwamba waliokuwa katika hatari ni kati ya watu milioni 35 na milioni 77. Ikabidi kupima visima karibu milioni 5. Chenye sumu kilipakwa rangi nyekundu, chenye usalama kilipakwa kijani. Mtoto asiyejua kusoma aliweza kujua ateke wapi.

Na wachimbaji wa huko wakajifunza jambo la rangi. Mchanga wa kijivu unapotoka katika bomba, mara nyingi maji yake huwa na aseniki. Mchanga wa rangi ya chungwa au kahawia, ambao bado una kutu yake, mara nyingi maji yake huwa salama. Ni elimu ile ile ya jembe lililoota kutu.

Tena kutu hiyo hiyo imefanywa dawa. Abul Hussam, mkemia aliyezaliwa Bangladesh, alitengeneza chujio la ndoo lenye vipande vya chuma. Chuma kinashika kutu, kutu inashika aseniki, maji yanatoka safi. Alipewa tuzo kubwa huko Marekani mwaka 2007. Nepal nako hutumia chujio lenye misumari. Lakini usikimbilie kutia misumari katika mtungi wako na kunywa. Chujio lazima litengenezwe kwa vipimo, na maji yake yapimwe.

HUKU KWETU

Katika nchi yetu, watafiti wamekuta aseniki inayozidi kiasi katika baadhi ya visima na vijito vya maeneo ya dhahabu karibu na Ziwa Victoria, kama vile Geita na Tarime. Huko sumu imo ndani ya mwamba wenyewe, imefungamana na jiwe linalong'aa ambalo hukaa pamoja na dhahabu. Likiwa chini, limetulia. Likisagwa na kuachwa juani na mvuani, hewa na maji vinalila, na aseniki inatoka. Ndugu mchimbaji mdogo, marudio yako si udongo wa kawaida. Usiyatumie kukandika nyumba, usiyatandaze uani, usiyalundike juu ya mto.

Kiasi kisichotakiwa kuzidi katika maji ya kunywa, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ni mikrogramu 10 kwa lita. Ni kidogo mno kufikirika. Ni sawa na gramu 1 katika ndoo 5,000 za lita 20. Ndiyo maana jicho na ulimi haviwezi kupima.

UDONGO ULIOSHIKA SUMU NI SUMU

Sasa nirudi kwa lile josho la mfinyanzi mwekundu. Nilisema udongo wake hushika. Kisima kinaweza kunusurika. Lakini kilichoshikwa hakikutoka, kimo mle mle juu, wanapocheza watoto na wanapochakura kuku. Udongo hauiachii mvua, lakini utaiachia tumboni, ambako kuna uchachu na joto.

Siku moja alikuja kliniki mama mjamzito, mimba yake ya nne. Alikuwa amefunga kitu katika pindo la khanga. Nikamwuliza, "Dada, hicho ni nini?" Akacheka kwa haya. "Ni udongo tu, daktari. Wangu mimi si wa sokoni. Nautoa kwenye kichuguu." Kichuguu kipi? Akaelekeza kwa kidevu. Kile kilicho nyuma ya josho la zamani.

Kina mama wengi wajawazito hupenda kula pemba na udongo wa kichuguu. Udongo wa kichuguu ni mfinyanzi safi, laini, na mchwa huutoa chini na pembeni na kuujenga juu. Yaani ni udongo ule ule mwenye chembe nyingi za kushikia. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, habari za kupe na sikio. Hakucheka tena. Aliufungua udongo akauacha mezani, akasema, "Basi niandikie hizo dawa za damu, maana hamu hii hainiachi." Tulimpima damu, ilikuwa pungufu. Hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Mama mjamzito, ukiona hamu hiyo, njoo kliniki. Usione haya.

Dalili za aseniki iliyoingia kidogo kidogo hazionekani upesi. Kwa kawaida hupita miaka mitano au zaidi. Ngozi ya kifua na mgongo hupata madoadoa meusi na meupe, kama vumbi lililoangukiwa na manyunyu ya kwanza ya mvua. Viganja na nyayo huota vigumba vigumu. Wengine hufa ganzi mikononi na miguuni. Baada ya miaka mingi inaweza kuleta saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu. Kwa watoto hudhuru akili na ukuaji. Si ugonjwa wa kuambukiza. Si kurogwa. Mtu mwenye vigumba viganjani mwenzake anaweza kumshika mkono na kula naye sahani moja.

Si kila doa ni aseniki. Yako magonjwa mengi ya ngozi. Lakini kama watu wa nyumba kadhaa wanaoteka kisima kimoja wana dalili zinazofanana, toeni habari zahanati mara moja. Dawa ya kwanza ni kuacha kunywa na kupikia maji hayo. Kufulia na kuogea si hatari kubwa, maana aseniki haipiti ngozini kwa wingi. Hatari ni mdomo.

KISIMA KILICHOHAMISHWA

Nimalizie na habari ya kijiji kimoja. Kamati ya maji ilichagua mahali pa kuchimba kisima kifupi. Palikuwa bondeni, penye unyevu mwaka mzima, majani mabichi hata Oktoba. Maji yalikuwa karibu, kazi ingekuwa nyepesi. Vijana walishaanza kufyeka.

Yule mzee wa josho alipita na fimbo yake. Akauliza, "Wanangu, mnajua maji ya josho yalikuwa yakitokea wapi?" Hawakujua. Wengi walizaliwa josho likiwa magofu. Akawaonyesha mfereji, umejaa udongo, unashuka moja kwa moja mpaka pale pale walipofyeka.

Tuliitwa zahanati. Mimi sina kipimo cha aseniki, lakini nilishuka shimoni walipofika urefu wa kiuno. Udongo ulikuwa wa kijivu, una michirizi ya kutu, unanuka. Msomaji, sasa wewe mwenyewe unaweza kusema palikuwa na nini: maji yaliyotuama, hewa hakuna, samadi ya miaka mingi, na josho juu yake. Rangi peke yake si kipimo, lakini ilitosha kuwafanya vijana waweke sururu chini.

Palizungumzwa sana siku ile. Mmoja alisema tuchimbe tu, tunywe, tuone. Mwenyekiti akamjibu kwamba kuona kutachukua miaka kumi, na atakayeona ni mwanao.

Kisima kilichimbwa upande wa pili wa kilima, juu ya josho, katika udongo mwekundu. Mita kwa mita ilikuwa kazi ngumu. Kabla ya mtu kunywa, sampuli ya maji ilipelekwa maabara ya maji. Kijiji chochote kinaweza kuomba hivyo kwa kupitia RUWASA wilayani. Lakini usiseme tu "tupimieni maji". Taja aseniki kwa jina, maana vipimo vya kawaida vya vijidudu haviionyeshi. Matokeo yalirudi chini ya kiwango.

Josho limezungushiwa miiba na katani. Nyasi zimeachwa ziote ili vumbi lisipeperuke. Hakuna anayefyatua tofali pale, hakuna anayepanda mchicha. Kichuguu kimo ndani ya uzio.

Kina mama wanalalamika kwamba kisima kipya ni mbali, na kilima kinachosha. Wana haki. Mkutano wa mwisho uliamua kila kaya itoe mchango wa mabati na mifereji, shule ianze kuvuna maji ya mvua masika ijayo.